Kuandaa maji ya kitunguu saumu kwa jaribio la panya na kiuatilifu

Majaribio mengi ya kitunguu saumu huharibikia kwenye kinu, kabla panya hajaguswa. Huu ndio utaratibu ninaoufuata ninapopima kama kinamkinga panya na klopairifosi, kiuatilifu cha kuua wadudu. Kibali cha kamati ya maadili kiwe tayari. Mtu aliyekunywa kiuatilifu, yeye apelekwe hospitali mara moja, asipewe kitunguu.

1. Menya punje mbichi, pima gramu 20, ponda mpaka ziwe rojo, kisha ziache dakika 10. Hapa usiharakishe. Punje nzima haina alisini, kiambato tunachokitafuta: ina alini, malighafi yake, na kimeng'enya cha alinasi kinachoigeuza kimetengwa nayo ndani ya seli. Vinakutana ukiponda, alisini inatokea, na ile harufu kali inayochoma pua ndiyo dalili yake. Ukichemsha punje nzima, umeua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

2. Ongeza maji yaliyokenekwa hadi mililita 100, chuja kwa kitambaa safi. Kila mililita sasa imetokana na miligramu 200 za kitunguu. Tengeneza upya kila asubuhi, maana alisini haikai.

3. Gawa panya kwa kura katika makundi manne: maji na mafuta ya mahindi tu, kitunguu tu, klopairifosi iliyoyeyushwa kwenye mafuta hayo, na vyote viwili. Wengi huliacha kundi la kitunguu tu ili kuokoa panya. Nawasihi msiliache. Kitunguu kibichi kikizidi huchubua utando wa tumbo la panya na huweza kumpunguzia damu.

4. Pima uzito wa kila panya. Mwenye gramu 200, kwa dozi ya miligramu 500 kwa kilo, anapata nusu mililita, kwa sindano ya kulishia yenye ncha ya mviringo. Kiuatilifu kifuate saa kadhaa baadaye, ukiwa umevaa glovu. Ukivitoa pamoja, hutajua kama kitunguu kimelinda ini au kimezuia tu sumu isifyonzwe.

5. Mwishoni pima ALT na AST (vimeng'enya vinavyovuja ini likiumia) kwenye seramu, yaani majimaji ya damu, glutathioni (kinga ya seli) na malondialdehaidi (alama ya mafuta ya seli yaliyoharibika) kwenye ini, na asetilikolinesterasi (kimeng'enya cha neva) kwenye ubongo. Hiyo ya ubongo ndiyo shabaha kuu ya klopairifosi. Malondialdehaidi ikishuka na glutathioni ikapanda, lakini kimeng'enya cha ubongo kikabaki chini, andika hivyo hivyo: ini limepata nafuu, neva bado zimo kwenye sumu.