Somo: Presha ya oili ikishuka kwenye trekta kuukuu, pampu iwe ya mwisho kushukiwa

Sindano ya geji ikilala, wengi wetu hukimbilia kununua pampu mpya ya oili. Pampu inafungwa, sindano inabaki palepale. Pampu haitengenezi presha; kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha hutokea pale oili inapobanwa kwenye nafasi nyembamba kati ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi zake. Nafasi zikipanuka, au oili ikiwa nyepesi mno, inajipitia bila kubanwa. Tena pampu inaishi ndani ya oili muda wote, kwa hiyo mara nyingi huchakaa baada ya wenzake.

Kabla ya yote, zima injini. Hakuna cha "ngoja nimalizie mstari huu". Dakika chache bila presha zinatosha kuua beringi na kuikwaruza kranki.

Hatua ya 1: Kijiti cha oili
Trekta liwe sehemu tambarare, oili iwe imeshatiririka yote chini. Ikipungua, ongeza kisha utafute inakopotelea. Ikiwa imepanda kuliko ulivyoijaza, hapo pana kesi: kuna kitu kimeingia. Rangi ya maziwa ni maji. Harufu ya dizeli na wepesi vidoleni ni dizeli, na mlango wake wa kwanza ni daiframu iliyopasuka ya ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli ubavuni mwa injini. Baada ya hapo angalia sili ya injekta pampu, kisha nozeli zinazodondosha. Ukibadilisha oili bila kuziba mlango huo, presha itapanda kwa muda mfupi halafu itarudi kulekule.

Hatua ya 2: Oili na filta
Injini nyingi za dizeli za zamani hutumia 15W-40, au SAE 30 kwenye joto. Kitabu cha injini ndicho kinachosema. Kama hujui iliyomo ni ipi, imwage, weka mpya pamoja na filta mpya, kisha pima upya.

Hatua ya 3: Shitaki geji kwanza
Geji za zamani hudanganya, na zile za umeme ndizo zaidi, kwa sababu sensa ikichoka au waya ukishika kutu, sindano inalala bure. Fungua sensa kwenye bloku, funga geji ya kupimia ya mkono mahali pake, washa injini hadi ipate joto la kazi. Injini nyingi za aina hii hutoa psi 30 hadi 60 (bar 2 hadi 4) kwa mwendo kamili. Kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, lakini kitabu chako kikisema vingine, kifuate.

Hatua ya 4: Tazama sindano inashukaje
Usiharakishe hapa, maana hatua hii ndiyo itakayokuambia ufungue nini.

Presha nzuri injini ikiwa baridi, halafu inashuka taratibu kadiri joto linavyopanda: beringi zimelegea, au oili ni nyepesi. Presha ndogo tangu baridi na haipandi hata ukiongeza mafuta (mwendo wa injini): valvu ya presha, ile inayoachia oili presha ikizidi, imekwama wazi, chujio la sampo (beseni la oili chini ya injini) limeziba, au pampu yenyewe. Inapanda vizuri kisha inaanguka ukizidisha mafuta: pampu inavuta kuliko chujio linavyopitisha. Sindano inacheza, hasa kwenye mteremko: pampu inavuta hewa, ama oili ni kidogo ama bomba la kuvutia lina ufa au limelegea. Ikipanda hadi mahali fulani na kugoma kuzidi hapo, wala usihangaike. Ni valvu inafanya kazi yake.

Hatua ya 5: Valvu ya presha
Kwenye injini nyingine unaifikia kwa nje, nyingine iko kwenye pampu. Kagua springi kama imevunjika au imefupika kuliko kipimo cha kitabu, na kidude kinachoziba kiteleze bila kukwama. Kipande kidogo cha uchafu kikikaa pale, oili yote inarudi kwenye sampo.

Hatua ya 6: Fungua sampo
Angalizo: kwenye matrekta mengi sampo ni chuma kizito kinachobeba sehemu ya mbele ya trekta. Weka stendi chini ya gia boksi na kabari kwenye ekseli ya mbele kabla hujagusa bolti. Jeki peke yake isikubebee trekta.

Osha chujio. Vipande vya silikoni ya gasketi ndivyo vinavyoziba sana, kazi ya fundi aliyepaka kama anapaka siagi. Kagua bomba la kuvutia na gasketi yake. Kisha fungua kepu moja ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) na moja ya kranki, uziwekee alama ili kila moja irudi mahali pake na upande wake. Beringi ya kijivu iliyolingana ni nzima. Rangi nyekundu ya shaba ikionekana, tabaka la juu limeisha. Pima nafasi kwa ule uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na kranki, kisha pima kranki kwa maikromita.

Sasa ndipo ufungue pampu. Pitisha fila geji (vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye ncha za rota na chini ya kifuniko, ulinganishe na kitabu.

Hatua ya 7: Kufunga
Jaza pampu oili kabla ya kuifunga. Vuta waya wa kuzimia, piga stata kwa vipindi vifupi hadi sindano inyanyuke, ndipo uwashe.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nikiongeza washa (kile kipete bapa cha chuma) nyuma ya springi ya valvu, presha si itapanda?
Jibu: Haitapanda ndugu yangu. Presha ikiwa ndogo, valvu tayari imefunga. Washa inaongeza kikomo cha juu tu. Siku ya baridi utapasua filta.

Swali: Oili nzito, kama SAE 50, je?
Jibu: Sindano itapanda, beringi itabaki vilevile. Asubuhi oili nzito inachelewa kufika kwenye roka (mikono inayosukuma valvu juu ya injini), na huko ndiko utakakolipia. Kumalizia msimu, sawa. Kama tiba, hapana.

Swali: Langu baridi linasoma 45. Likishalima saa nzima, nikiachia mafuta linasoma 12, nikiongeza linapanda 35. Nifungue?
Jibu: Hizo umepima kwa geji ya mkono au ya dashibodi? Kama ni ya mkono, endelea na kazi. Andika namba kila wiki, injini ikiwa na joto lilelile. Zikianza kushuka, au ukisikia mlio mzito wa kugonga chini, simamisha.

Swali: Nimefanya ovaholi nzima, kranki imechongwa, beringi mpya, pampu mpya. Presha sifuri kabisa. Fundi anasema pampu ni mbovu.
Jibu: Sifuri kabisa baada ya ovaholi ni mambo mengine. Bloku ilioshwa? Wakati wa kuosha hutolewa plagi za njia kuu ya oili, na moja ikisahaulika, oili yote inamwagika ndani. Angalia pia gasketi ya kiti cha filta, huwa inawekwa kinyume ikaziba tundu. Kama vyote viko sawa, pampu haikujazwa na inazungusha hewa. Usiwashe injini wakati unatafuta. Tumia stata tu, nozeli zikiwa zimetolewa ili izunguke kirahisi.