Droni na ndege za abiria: jinsi ya kupanga mruko usioingilia njia ya kutua

Mwongozo huu ni wa mwenye droni ndogo ya kamera, ile ya propela nne yenye uzito wa kati ya gramu 250 na kilo moja, anayepiga picha za harusi, shamba au ufuo. Mifano mingi ni ya Nairobi kwa sababu viwanja vya ndege vimebanana pale, lakini hesabu ni zilezile ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Entebbe.

Kwanza elewa kinachogongana. Ndege kubwa ya abiria inayokaribia kutua huenda kama mita 72 kwa sekunde. Droni ya gramu 900 ikigongwa kwa kasi hiyo, kishindo chake ni sawa na mfuko wa unga wa kilo 10 uliodondoka kutoka mita 24, yaani ghorofa ya nane hivi. Unga hutawanyika, droni ina mota nne za chuma, betri ngumu na kamera. Uchunguzi wa kundi la vyuo vikuu la ASSURE, uliofanywa kwa ajili ya mamlaka ya anga ya Marekani na kutolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba droni huumiza mwili wa ndege kuliko ndege hai wa uzito uleule, kwa sababu hiyohiyo ya vipande vigumu. Na usitegemee rubani akukwepe. Akiiona droni yako ikiwa mita 300 mbele yake, amebakiwa na sekunde 4.

Hatua ya 1: Chora mstari wa kutua

Wengi huchora duara kuzunguka uwanja wa ndege na kuishia hapo. Duara ni la lazima, lakini hatari kubwa iko kwenye mstari.

Fungua ramani ya setilaiti, vuta karibu mpaka uone tarakimu zilizopakwa rangi nyeupe kwenye ncha za njia ya kurukia. Kila tarakimu ni mwelekeo wa dira ulioondolewa sifuri ya mwisho. Pale JKIA, uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, utaona 06 na 24: nyuzi 60 na nyuzi 240. Ndege inayotua kwenye njia ya 06 inatokea kusini-magharibi; inayotua 24 inatokea kaskazini-mashariki. Chukua kipimo cha umbali cha ramani, urefushe mstari wa njia hiyo pande zote mbili kwa kilomita 15. Pande zote mbili, kwa sababu upepo ukigeuka, mwelekeo wa kutua nao hugeuka.

Sasa weka vimo kwenye mstari huo. Kwa kawaida ndege za abiria hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3. Kilomita 10 kabla ya mwanzo wa njia, ndege iko kama mita 540 juu ya usawa wa uwanja. Kilomita 5, kama mita 275. Kilomita 2, kama mita 120. Kilomita 1, chini ya mita 70. Hiyo mita 120, ambayo ni futi 400, ndiyo kikomo ambacho kanuni za nchi nyingi humwekea mwenye droni. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kukaa ndani ya kikomo cha kimo, asivunje namba hata moja, na bado akakutana uso kwa uso na ndege yenye watu 180.

Halafu chora duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 10 kwa kila uwanja. Wilson, uwanja wa ndege ndogo, iko kama kilomita 12 magharibi ya JKIA, na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh iko kaskazini yao. Duara hizo tatu zinapandana, na mitaa kama South B, Industrial Area na Lang'ata yote inaangukia ndani. Ongeza viwanja vya helikopta vya hospitali. Na ukienda kwenye mbuga za Maasai Mara au Amboseli, tafuta viwanja vya udongo: havina tarakimu, havina mnara wa kuongozea ndege, ila ndege ndogo za watalii hutua hapo kutwa.

Hatua ya 2: Kibali

Kenya, kanuni za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Tanzania, anza na TCAA. Eneo likiwa ndani ya duara au juu ya mstari, usiruke bila kibali cha maandishi chenye tarehe, saa na kimo. Ruhusa ya mwenye shamba au bwana harusi haihusiani na anga.

Hatua ya 3: Funga kimo

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na karibu yote ni ya kusoma namba.

Programu ya droni huhesabu kimo kuanzia pale droni iliponyanyukia, si kutoka ardhi iliyo chini yake kwa wakati huo. Ukiirushia juu ya jengo la mita 30 na skrini ikasoma 120, uko mita 150 juu ya barabara. Ukiirushia kwenye kilima cha Ngong na kuipeleka bondeni, ardhi inashuka huku namba kwenye skrini imesimama palepale.

Kosa la pili ni vipimo. Mtu amesikia "mwisho ni 400", anapandisha mpaka skrini isome 400, na programu yake iko kwenye mita. Yuko futi 1,312. Mwezi Oktoba 2017, karibu na Quebec nchini Kanada, ndege ndogo yenye watu 8 iliyokuwa ikienda kutua iligongana na droni kwenye futi 1,500 hivi. Ilitua salama.

Basi ingia kwenye mipangilio, chagua mita, weka kikomo cha juu kuwa mita 60. Picha nzuri za harusi na za shamba hupatikana chini ya mita 50. Juu ya hapo watu wanakuwa punje.

Hatua ya 4: Kimo cha kurudi nyumbani

Rimoti ikipoteza mawasiliano, droni nyingi hupanda zenyewe hadi kimo kilichowekwa, ndipo zirudi nyumbani, yaani pale ziliponyanyukia. Ukikiacha mita 120, umeipa droni amri ya kupanda mita 120 wakati huna usukani. Pima kitu kirefu zaidi kilicho karibu, mti au mnara wa simu, ongeza mita 15, andika hiyo. Subiri satelaiti zisipungue 12 na programu itangaze kwamba nyumbani pamerekodiwa. Usirushie juu ya boneti ya gari wala zege lenye nondo. Chuma hupotosha dira, na droni yenye dira mbovu huondoka kwa kuzunguka duara linalopanuka.

Usiitegemee programu ikuzuie. DJI, kampuni kubwa ya kutengeneza droni, iliondoa kufuli za maeneo yaliyokatazwa Marekani mwezi Januari 2025 na kubakiza onyo tu.

Hatua ya 5: Macho na masikio

Weka mwangalizi wa pili ambaye hatazami skrini kabisa. Droni ya upana wa sentimita 35 ikipita mita 300, hujui tena pua yake iko upande gani. Huo ndio umbali wako wa mwisho. Septemba 2017, karibu na Staten Island, New York, droni iligongana na helikopta ya jeshi. Mrushaji alikuwa kama kilomita 4 kutoka hapo, akitegemea skrini, na hakujua kwamba imegonga kitu.

Mkisikia helikopta au ndege, usibonyeze RTH, kitufe cha kurudi nyumbani. Kitufe hicho kinaweza kuipandisha kwanza, kuelekea kule kule unakokukimbia. Vuta kijiti cha kushoto chini, na kile cha kulia kisukume mbele kidogo. Ikishuka wima tupu inaingia kwenye upepo wa propela zake yenyewe na kuanza kuyumba. Mwendo mdogo wa mbele unaitoa humo. Kwa mita 4 kwa sekunde, kutoka mita 60 utafika chini kwa sekunde 15. Kutoka mita 120 ni sekunde 30, na helikopta imeshapita kilomita 1.8.

Hatua ya 6: Ikikutoroka

Kabla ya kuruka, andika kwenye karatasi namba ya simu ya uwanja ulio karibu. Droni ikiondoka bila kutii, piga mara moja, hata kama unaogopa faini. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa kwa taarifa za droni, na safari kama 1,000 zenye abiria 140,000 hivi zikavurugika. Kinachoufunga uwanja kwa muda mrefu ni kutojua. Sema: mahali ulipoiona mwisho, kimo chake, imeelekea wapi, upepo unatoka wapi, saa, na betri imebaki dakika ngapi. Ukisema dakika 9, mnara unajua muda wa kuzungusha ndege angani kabla ya kuiruhusu itue.