Kuchora Kidijitali kwa Mkono Unaotetemeka au Usio na Nguvu

Mtu ambaye mkono wake unatetemeka, umekakamaa au hauwezi kushika kalamu kwa muda mrefu hushauriwa mara nyingi afanye mazoezi hadi mstari unyooke. Ushauri huo haumfai kila mtu, kwa kuwa si kila ulemavu unaopungua kwa mazoezi. Ni afadhali kutafuta njia ya kuchora ambayo ubora wa mstari hautegemei utulivu wa mkono.

Anza na mwili kabla ya programu. Kiwiko na kigasha viegemee meza, kwa maana mkono unaoning'inia huchoka upesi. Anayetumia kiti cha magurudumu ahakikishe kwamba magoti yanaingia chini ya meza. Yasipoingia, ubao uliolazwa juu ya mihimili ya kuwekea mikono unatosha, na kipande cha mpira wa baiskeli chini ya kifaa kitakizuia kisiteleze.

Kalamu nyembamba hudai nguvu nyingi za vidole, kwa hiyo inenepeshe kwa sifongo au kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye ndara kuukuu. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kalamu ya bei nafuu yenye ncha laini, ile ya kuchorea kwenye simu, ikishavishwa mpira wote huacha kufanya kazi. Kalamu hiyo haina umeme wake yenyewe, na kioo huitambua tu kwa kuwa bomba lake la chuma linaunganisha ncha na ngozi ya mchoraji. Acha basi sehemu ya chuma iguse kiganja, au zungusha karatasi ya alumini juu ya mpira hadi ifike kwenye chuma. Kalamu za tableti za kuchorea, kama zile za Wacom, hazina shida hiyo kwa sababu hutambuliwa kwa sumaku-umeme. Unaweza kuzifunga kwa chochote, kuzifunga mkononi kwa kitambaa, au kuzishika kwa mdomo.

Kwenye programu ya Krita, ambayo hutolewa bure, chagua brashi kisha utafute mpangilio ulioandikwa Stabilizer. Mstari utaifuata kalamu kwa kuchelewa kidogo, na mitetemo mingi itamezwa njiani. Ukiongeza sana, kona kali hugeuka mviringo, kwa hiyo ongeza polepole. Mwenye mkono dhaifu arekebishe pia mkunjo wa mgandamizo (pressure curve), yaani uhusiano wa nguvu ya mguso na unene wa mstari, katika mipangilio ya tableti, ili mguso mwepesi utoe mstari mnene. Kwenye Windows, kubonyeza Shift mara 5 mfululizo huleta Sticky Keys, utaratibu unaokuwezesha kubonyeza Ctrl, kuiachia, kisha kubonyeza Z kwa kidole kilekile ili kutengua kosa.

Hata hivyo, kwa mtetemo mkubwa ningependekeza Inkscape, ambayo nayo ni ya bure. Humo huburuti mstari, bali unaweka pointi mojamoja na programu inaziunganisha. Tuseme unachora tanga la jahazi: bonyeza kwenye ncha ya juu ya foromali (mti unaobeba tanga), kwenye ncha yake ya chini upande wa omo (mbele ya chombo), kisha kwenye pembe ya nyuma upande wa tezi, na umalizie pale ulipoanzia. Sasa una pembetatu iliyonyooka. Chukua zana ya kuhariri pointi, ushike katikati ya ukingo wa nyuma na kuuvuta nje kidogo, na tanga litajaa upepo. Pointi iliyokaa vibaya huichori upya. Unaichagua na kuisogeza kwa vitufe vya mishale, bila haraka.

Asiyeweza kutumia mikono kabisa anaweza kuongoza kishale kwa kichwa. Programu ya bure ya eViacam hutumia kamera ya kawaida ya kompyuta kufuata mwendo wa kichwa, na hubonyeza yenyewe kishale kinapotua mahali pamoja kwa muda fulani. Macho pia yanatosha: mwaka 2009 Tony Quan, mchoraji wa grafiti wa Los Angeles aliyepoozeshwa na maradhi ya neva, alichora tena kwa kifaa kilichoitwa EyeWriter, kilichofuata macho yake kwa kamera ya bei nafuu. Kwa njia hizi, mbinu ya pointi hufaa kuliko brashi, kwa kuwa kichwa kinahitaji kutua tu, si kuburuta. Muda wa kutua uongeze siku ambayo shingo imechoka, la sivyo turubai itajaa pointi usizozikusudia.