Titresheni ya Asidi na Sodiamu Kaboneti, Hatua kwa Hatua, na Maswali Ambayo Wanafunzi Huyauliza

Maswali mengi ambayo wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne huniuliza katika somo la kemia hukutana katika zoezi moja la maabara, nalo ni titresheni, yaani kuongeza mmumunyo mmoja kwenye mwingine kidogo kidogo hadi vimalizane, ili kujua ukolezi wa mmoja wao. Humo mna mlinganyo, moli, ukolezi (moli zilizomo katika lita moja), kiashiria (kemikali inayobadilika rangi kuonyesha mwisho), usomaji wa vipimo na hesabu, na kila kimoja kina jambo lake la kumtatiza mwanafunzi. Katika mwongozo huu nitafuata zoezi moja tangu mwanzo hadi jibu: kutafuta ukolezi wa asidi ya haidrokloriki kwa kutumia sodiamu kaboneti. Njiani ninamwomba msomaji ajiulize kila mara: moli ziko wapi sasa, na je, kuna zilizoongezeka au zilizopotea bila kuhesabiwa? Karibu kila kanuni ambayo wanafunzi huikariri kuhusu titresheni ni jibu la swali hilo.

Hatua ya 1: Fahamu unachokihesabu

"Mwalimu, moli ni uzito au ni idadi?" Moli ni idadi. Mfanyabiashara wa kanga huhesabu kwa korija, yaani vipande 20, kwa sababu kuhesabu kimoja kimoja kungemchosha. Mkemia naye huhesabu kwa moli, ambayo ni chembe 6.02214076 × 10²³. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi hii imewekwa kuwa kamili katika mfumo wa kimataifa wa vipimo, ingawa darasani 6.02 × 10²³ inatosha.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba tunapima gramu kwenye mizani lakini tunazungumza kuhusu moli. Sababu ni kwamba hakuna chombo cha maabara cha kuhesabu chembe moja moja, hivyo tunapima gramu na kuzigawa kwa gramu za moli moja. Kwa sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, sodiamu mbili ni 46, kaboni ni 12 na oksijeni tatu ni 48, jumla 106. Kwa hiyo gramu 106 ni moli 1, na gramu 5.3 ni moli 0.05.

Hatua ya 2: Andika mlinganyo na uusawazishe

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Wapo wanaouliza kwa nini ni lazima kuweka 2 mbele ya HCl badala ya kuandika H₂Cl₂, kwani kwa macho atomu zinatimia vilevile. Namba ndogo iliyo chini ya alama ya elementi hueleza jinsi chembe yenyewe ilivyoundwa, na ukiibadilisha unakuwa umeandika kitu kingine kabisa, au kitu ambacho hakipo. Namba kubwa iliyo mbele hueleza ni chembe ngapi za aina hiyo zinazoshiriki. Tunaruhusiwa kubadilisha idadi ya washiriki, lakini hatuna ruhusa ya kubadilisha umbo lao.

Namba hiyo 2 ndiyo mhimili wa hesabu yote itakayofuata: kila moli moja ya sodiamu kaboneti inahitaji moli mbili za asidi. Iandike pembeni mwa karatasi kabla hujagusa chombo chochote.

Hatua ya 3: Tengeneza mmumunyo sanifu

Pima gramu 5.3 za sodiamu kaboneti isiyo na maji, iyeyushe katika maji yaliyotoneshwa ndani ya bika, mimina kwenye flaski ya ujazo ya lita 1, suuza bika mara kadhaa huku maji ya kusuuzia yakiingia flaskini, kisha ongeza maji hadi kwenye alama na uchanganye vizuri. Maji ya kusuuzia hayatupwi kwa sababu ndani yake mna moli ulizokwisha kuzipima kwenye mizani. Sasa una mmumunyo sanifu, yaani ule ambao ukolezi wake unajulikana kikamilifu: moli 0.05 kwa kila lita.

Kwa nini tunaanza na kaboneti na si asidi? Asidi kali ya haidrokloriki ya chupani ni gesi ya haidrojeni kloraidi iliyoyeyushwa katika maji, na gesi hiyo hutoroka kila chupa inapofunguliwa, hivyo hatuwezi kutegemea kipimo chake. Sodiamu haidroksaidi nayo haifai kuwa msingi wa kipimo, kwani hufyonza unyevu na kaboni dioksaidi kutoka hewani hata inapokuwa juu ya mizani. Sodiamu kaboneti ikipashwa moto ili kuondoa unyevu, kisha ikaachwa ipoe katika chombo kikavu kilichofunikwa, gramu zinazosomeka ni gramu zake kweli.

Wanafunzi wa shule zisizo na kemikali za kutosha huuliza kama magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage na makande, yanaweza kutumika. Swali hili ninalipenda, maana anayeuliza ameona kwamba kemia ya darasani na ya jikoni ni moja. Magadi yanayochimbwa katika maziwa ya Bonde la Ufa yana kaboneti, lakini pia yana baikaboneti, maji yaliyoshikana na fuwele, chumvi na udongo. Yanafaa sana kwa kujizoeza kutumia bureti (mrija mrefu wenye vipimo na koki ya kudondoshea asidi) na kuona rangi ikibadilika. Hayafai kuwa mmumunyo sanifu, kwa sababu hujui ni gramu ngapi kati ya ulizopima ambazo ni Na₂CO₃.

Hatua ya 4: Suuza kila chombo kwa kitu kinachostahili

Hapa ndipo kanuni hukaririwa zaidi bila kueleweka. Baada ya kuoshwa kwa maji safi, bureti husuuzwa kwa asidi itakayowekwa ndani yake, pipeti (mrija wa kuvutia ujazo mmoja maalumu) husuuzwa kwa mmumunyo wa kaboneti, lakini flaski ya koni husuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa peke yake. "Kwa nini tofauti?"

Fuata moli. Matone ya maji yakibaki ndani ya bureti, asidi itazimuliwa, na kila sentimita ya ujazo itakayotoka itabeba moli pungufu kuliko ilivyokuwa chupani. Vivyo hivyo kwa pipeti: cm³ 25 zitakazotoka hazitakuwa na moli unazodhani. Flaski ya koni ni kinyume chake. Ukiisuuza kwa kaboneti, matone yatakayobaki yataongeza moli ambazo hazikupimwa. Ukiacha maji ndani yake hakuna kinachoharibika, kwa sababu maji hayana kaboneti wala asidi, na moli ulizoziweka kwa pipeti ni zilezile hata ukizimimina katika flaski yenye majimaji. Kwa sababu hiyohiyo unaruhusiwa kunyunyiza maji kwenye kuta za flaski katikati ya titresheni ili kuteremsha matone yaliyorukia huko.

Hatua ya 5: Jaza, vuta, soma

Jaza bureti kwa kutumia faneli, kisha ondoa faneli, kwani tone linaloning'inia ndani yake linaweza kuanguka baada ya kusoma kipimo. Fungua koki kwa muda mfupi ili asidi isukume nje kiputo cha hewa kilicho kwenye ncha. Kiputo hicho kikitoka katikati ya kazi, bureti itaonyesha kwamba umetumia asidi ambayo haikuingia flaskini.

Vuta cm³ 25 za kaboneti kwa pipeti yenye kipampu cha mpira, kamwe si kwa mdomo. Unapoimimina, acha itiririke yenyewe, gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, na tone dogo linalobaki ndani liache hapohapo. Usilipulize, kwa sababu pipeti hiyo ilipimwa kiwandani kwa kuhesabu kwamba tone hilo litabaki.

Usomapo, weka jicho sawa na uso wa kimiminika na usome sehemu ya chini ya mbonyeo. Bureti ya kawaida ina mistari ya cm³ 0.1, hivyo unaweza kukadiria hadi 0.05, na ndiyo maana tunaandika 23.80 na si 23.8.

Hatua ya 6: Chagua kiashiria na ukitambue kikomo

Tia matone mawili au matatu ya methaili oranji kwenye kaboneti, na mmumunyo utakuwa wa manjano. Ongeza asidi huku ukitikisa flaski juu ya kigae cheupe. Mwanzoni unaweza kuiachia itiririke. Rangi inapoanza kusitasita, ongeza tone moja moja hadi ipatikane rangi ya chungwa inayobaki. Ikiwa nyekundu, umekwisha kupita.

"Mwalimu, kwa nini tusitie matone kumi ili tuone vizuri?" Kiashiria chenyewe ni asidi au besi dhaifu, nacho hula sehemu ya kile unachokipima, na rangi nzito huficha badiliko badala ya kulionyesha.

Swali lenye uzito zaidi ni kwa nini si finolftaleini. Asidi hukutana na kaboneti kwa awamu mbili. Kwanza kaboneti hugeuka kuwa baikaboneti kwa kutumia moli moja ya asidi. Kisha baikaboneti hugeuka kuwa maji na kaboni dioksaidi kwa kutumia moli ya pili. Finolftaleini hupoteza rangi yake ya waridi katika pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka asidi inapoongezeka) ya karibu 8.3, pale awamu ya kwanza inapokwisha, hivyo mwanafunzi aliyeitumia hupata karibu nusu ya ujazo wa wenzake. Methaili oranji hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, baada ya awamu zote mbili kukamilika, na ndiyo inayolingana na mlinganyo tuliouandika. Finolftaleini si mbaya, ila inajibu swali jingine.

Hatua ya 7: Rudia, kisha tafuta wastani

Tuchukue vipimo hivi. Jaribio la makadirio lilitoka 0.00 hadi 24.50. La kwanza lilitoka 0.00 hadi 23.80, la pili 23.80 hadi 47.50, na la tatu, baada ya kujaza bureti upya, 0.50 hadi 24.40. Ujazo uliotumika ni 24.50, 23.80, 23.70 na 23.90.

Makadirio hayaingii kwenye wastani, kwani kazi yake ilikuwa kukuonyesha ni wapi upunguze kasi. Wastani wa matatu yaliyobaki ni 71.40 ÷ 3, yaani cm³ 23.80. Ninawasihi wanafunzi wasirekebishe namba ili zifanane. Vipimo vitatu vilivyo sawasawa kabisa havipatikani mara nyingi kwa mkono wa mwanadamu, na anayebuni namba hajifunzi lolote kuhusu mkono wake.

Hatua ya 8: Fanya hesabu

Wengi hukimbilia fomula moja inayounganisha ukolezi na ujazo wa pande mbili. Fomula hiyo ni sahihi, lakini ushauri wangu ni kuiweka kando hadi uweze kufika kwenye jibu bila msaada wake, maana anayeikariri hugeuza 1 na 2 za uwiano wa mlinganyo na hana njia ya kugundua kosa.

Anza na kile unachokijua kikamilifu. Moli za kaboneti katika flaski ni 0.05 × 25 ÷ 1000, yaani 0.00125. Tunagawa kwa 1000 kwa sababu ukolezi ni kwa lita ilhali pipeti hupima sentimita za ujazo. Sasa tumia mlinganyo: moli za asidi ni mara mbili, yaani 0.0025. Moli hizo zilikuwa ndani ya cm³ 23.80, kwa hiyo katika lita moja zingekuwa 0.0025 × 1000 ÷ 23.80, ambayo ni 0.105. Ukolezi wa asidi ni moli 0.105 kwa lita. Ukitaka gramu, zidisha kwa 36.5, ambazo ni gramu za moli moja ya HCl, upate takriban 3.83 kwa lita.

Aliyepata 0.0525 alisahau uwiano wa 1 kwa 2, na aliyepata 0.026 aliutumia kinyume, akagawa kwa mbili badala ya kuzidisha. Kosa linaweza kuonekana bila kurudia hesabu: ujazo wa pande zote mbili unakaribiana, na kila moli ya kaboneti inadai moli mbili za asidi, hivyo ukolezi wa asidi lazima ukaribie mara mbili ya 0.05.

Hatua ya 9: Geuza swali

Mitihani hupenda kuuliza kinyume: gramu 14.3 za fuwele za Na₂CO₃·xH₂O zimeyeyushwa kufanya lita 1, na titresheni imeonyesha kwamba ukolezi ni moli 0.05 kwa lita. Tafuta x, yaani moli za maji zilizo katika kila moli ya fuwele. Wanafunzi hushtuka kuona x ndani ya fomula ya kemikali, lakini njia ni ileile. Moli 0.05 zina gramu 14.3, kwa hiyo moli moja ina 14.3 ÷ 0.05, yaani gramu 286. Ondoa 106 za kaboneti, zinabaki 180, na kwa kuwa moli moja ya maji ni gramu 18, x ni 10.

Swali linalofuata huwa hili: "Mbona gramu ni 14.3 na ukolezi ni uleule wa gramu 5.3?" Kwa sababu gramu 9 kati ya hizo ni maji yaliyokuwa ndani ya fuwele, ambayo yalijiunga na maji ya flaski mara tu zilipoyeyuka. Moli za kaboneti ni 0.05 katika chupa zote mbili, na asidi inayotoka kwenye bureti hukutana na hizo tu.