Somo: Leza ya fuwele inayochochewa na mwale wa elektroni

Wadau, salaam kutoka Ngarenaro, Arusha. Juzi kijana anayesomea ufundi alisimama mezani kwangu, akaitazama TV ya kichogo niliyokuwa nimeifungua, akauliza: huu mwale unaochora picha, hauwezi kutoa leza? Unaweza, ila si ndani ya TV. Mwanafizikia Nikolai Basov na wenzake walifanya hivyo mwaka 1964 huko Moscow, kwa fuwele ya kadimiamu salfaidi. Chukueni kalamu na karatasi, bisibisi ikae pembeni.

Hatua ya 1: rangi. Kila fuwele ya semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi) ina pengo lake la nishati, yaani nishati ya chini ya kuing'oa elektroni mahali pake, linalopimwa kwa elektroni-volti: nishati ambayo elektroni inapata ikivutwa na volti moja. Gawanya 1240 kwa pengo hilo, unapata urefu wa wimbi kwa nanomita. Kadimiamu salfaidi ina pengo la karibu 2.4, kwa hiyo jibu ni 517 hivi: kijani. Galiamu naitraidi, 3.4, inatoa 365: urujuanimno, jicho haliuoni.

Hatua ya 2: volti. Kwenye bomba lisilo na hewa, kathodi (ncha hasi) inatoa elektroni na volti nyingi zinazivuta. TV ya rangi ya kichogo hutumia kama volti 25,000. Sisi tuchukue 20,000. Elektroni inafika na elektroni-volti 20,000, inazama kwenye fuwele maikromita chache tu.

Hatua ya 3, someni taratibu, maana kazi yote iko hapa. Elektroni hiyo inazing'oa nyingine, na kila inayong'oka inaacha tundu. Utadhani jozi moja ya elektroni na tundu inagharimu elektroni-volti 2.4, sawa na pengo. Sivyo, inagharimu karibu mara tatu ya pengo, yaani 7.2. Gawanya 20,000 kwa 7.2: jozi kama 2,800 kutoka kwa elektroni moja! Lakini jozi ikirudiana, yaani elektroni ikirudi tunduni, fotoni (chembe ya mwanga) inayotoka inabeba 2.4 tu. Kwa hiyo hata mambo yakienda vizuri kabisa, mwanga ni theluthi moja. Theluthi mbili ni joto, tena kwenye tabaka jembamba kuliko unywele. Ndiyo maana mwale hurushwa kwa mapigo mafupi mafupi na fuwele hupoozwa. Anayetaka kuijua leza hii aanze na joto lake.

Hatua ya 4: vioo. Mpaka hapa mwanga unasambaa ovyo kama wa fosfa, ule unga unaong'aa kwenye kioo cha TV. Fuwele ikipasuliwa iwe na nyuso mbili sambamba, mwanga unakwenda na kurudi, na kila unapopita kwenye jozi unazaa mwanga unaofanana nao. Ukizalishwa mwingi kuliko unaopotea, leza imewaka.

Maswali ya wanachama

Swali (Moshi): Fundi, shikamoo. Diodi ya leza inawaka kwa volti mbili tatu. Ya nini kuhangaika na 20,000?

Jibu: Marahaba. Diodi inataka upande wa p (wenye matundu mengi) ukutane na upande wa n (wenye elektroni nyingi). Kwenye fuwele zenye pengo kubwa, mfano aluminiamu galiamu naitraidi, upande wa p ni mgumu mno kuutengeneza. Mwale wa elektroni hauhitaji makutano hayo.

Swali: Mkuu, nina kichogo kibovu stoo. Nianzie hapo?

Jibu: Hapana, mdogo wangu, nakuomba. Kioo kile kikipasuka vipande vinaruka, na chaji inabaki ndani hata ukishachomoa waya. Elektroni zikigonga kitu kigumu kwa volti hizo zinatoa pia eksirei. Na ndani utakuta unga wa fosfa, si fuwele yenye nyuso sambamba.

Swali: Kinachozuia leza hii isiingie mfukoni ni nini?

Jibu: Si fuwele, hiyo ni ndogo sana. Ni bomba, umeme wa volti nyingi na upoozaji. Kathodi za nanotyubu (vijibomba vyembamba mno) za kaboni zinasaidia kidogo, kwa kuwa hazihitaji waya wa kuchemshwa.

Swali: Tukiongeza volti si tutapata mwanga zaidi?

Jibu: Elektroni zitazama ndani zaidi, jozi zitawanyike. Na ukifika volti laki kadhaa zinaanza kung'oa atomi zenyewe, fuwele inakufa.