Dirisha la programu ya C likifungika kabla hujasoma jibu
Wadogo zangu mnaoanza kuandika programu kwa lugha ya C hapa Mbeya: mkisoma bei ya gunia la viazi kwa scanf("%d", &bei), namba inachukuliwa lakini alama ya Enter, yaani '\n', inabaki kwenye foleni ya herufi zinazosubiri kusomwa. Ile getchar(), inayosoma herufi moja, mliyoiweka mwishoni ili dirisha lisubiri inaikuta hiyo, inaichukua, na programu inaisha papo hapo. Tangazeni char mstari[100], someni mstari mzima kwa fgets(mstari, sizeof mstari, stdin), kisha toeni namba kwa sscanf na mhakikishe imerudisha 1, yaani imepata namba moja. Tafadhali msitumie fflush(stdin) kufuta masalia ya foleni. Kanuni za C hazielezi itafanya nini. Mtu akiandika mstari mrefu kuliko hiyo safu ya mstari[100], masalia yatabaki na getchar() haitasubiri. Mkiendesha programu kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri, ambalo halijifungi), getchar() hiyo hamuihitaji kabisa, return 0 inatosha.