Kunde, sinia na kawa: jinsi ya kupima jicho lililogawanyika

Mwaka 1871 Mwingereza William Stanley Jevons alieleza jinsi alivyokuwa akirusha maharage meusi kwenye kisanduku cheupe na kutaja idadi papo hapo, bila kuhesabu. Alifanya hivyo mara 1,027. Yakiwa 3 au 4 hakukosea hata mara moja. Yakifika 5 akaanza kuteleza. Mimi nafundisha darasa la awali, na jaribio hili nimelifanya na watoto na hata na walimu wenzangu, ila nimeongeza kitu cha kumvuruga mtazamaji.

Tafuta sinia jeupe, kunde kumi, kawa, na vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi mbili ndogondogo kila kimoja.

Hatua ya 1. Mwaga kunde kadhaa, funika kwa kawa. Zimwage ovyo. Ukizipanga kama nukta za dadu, mtu atatambua sura, si idadi. Funua, sema "moja" moyoni, funika. Ukichelewa atahesabu, na hapo umeharibu. Andika alichotaja na idadi halisi. Rudia mara 30, ukibadilisha idadi.

Hatua ya 2. Weka kizibo katikati. Sasa ataje herufi kwanza, kisha kunde. Akikosea herufi, futa raundi hiyo: alikuwa anaiba, anatazama kunde badala ya kizibo. Simamia hili kwa ukali (watu wazima ndio wezi wakubwa). Mara 30 tena, kila mara kizibo kingine.

Hatua ya 3. Tenganisha makosa ya kunde 2 hadi 4 na ya 7 hadi 10, kisha linganisha Hatua ya 1 na ya 2. Wengi hutarajia idadi kubwa ndiyo ivurugike. Mwaka 2010 watafiti David Burr, Marco Turi na Giovanni Anobile walionyesha kinyume: umakini ukigawanywa, ile idadi ndogo tunayodhani inaonekana yenyewe bila juhudi ndiyo inayoyumba, lakini idadi kubwa, ambayo tangu awali ni ya kukisia, haibadiliki sana.

Hatua ya 4, ya darasani. Zamani nilikuwa nafunua huku naongea: "Haya wanangu, tazameni, leo tuna..." Watoto wananitazama mdomo. Mmoja akisema 4 badala ya 3, namwandika hajui namba. Siku hizi nanyamaza kwanza, nangoja macho yote yatue kwenye kawa, ndipo nafunua. Na anayekosea namrudia peke yake, kimya, kabla sijagusa kalamu.